Nimepandisha Bei ya Mablanketi Yangu Kwenye Fomu ya Kodi

Bi Cordelia,

Nimesoma ukurasa wako gazetini kwa miaka kumi na moja na sikuwahi kufikiri kwamba ningekaa siku moja nikuandikie, maana shida za wengi wanaokuandikia, unisamehe, huwa naziona ni za kujitakia, lakini na yangu nimejitakia vilevile, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho halafu uniambie la kufanya, na uniambie upesi kwa sababu tarehe kumi na tano Aprili, siku ya mwisho ya kupeleka fomu za kodi, haimngoji mtu.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na minane, nakaa hapa Paducah, na ni mshonaji wa mablanketi ya viraka. Sisemi kwamba nashonashona. Ni mshonaji. Natia mishono kumi na mmoja ndani ya inchi moja, kwa mkono, na utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho ya kaunti nimeuchukua mara sita, na hiyo mara ya sita majaji wawili waligeuza blanketi langu wakatafuta fundo la uzi upande wa nyuma mpaka wakavua miwani, hawakulipata. Mwaka jana nilishona mablanketi madogo thelathini na sita nikayapeleka mwenyewe kwa gari langu kwenye wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hospitali iliyo maili thelathini na moja kutoka kwangu, na sikumwomba mtu senti moja.

Marehemu mume wangu Virgil, aliyekuwa fundi wa injini za treni, ndiye aliyetujazia fomu za kodi ya mapato miaka yote, na tangu afariki kazi hiyo anaifanya Delbert, mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye maneno mengi na kikokotoo kikubwa. Mwezi wa pili alikuja, akala, akafungua karatasi zake mezani akasema, "Shangazi, mwaka huu tusichukue lile kato la jumla wanalopewa watu wote, kile kiasi cha mapato kisichotozwa kodi. Una riba ya mkopo wa nyumba, una kodi ya nyumba unayolipa kaunti, una fungu la kumi la kanisani. Tukiorodhesha makato yako moja moja unapata zaidi." Nikafurahi, nikamuuliza, "Na mablanketi yangu je? Si nimeyatoa sadaka?" Akasema yamo, lakini kwa kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, sheria inakuruhusu uandike gharama za vifaa tu, yaani kitambaa, uzi na pamba ya kujaza katikati. Nikaleta risiti zangu zote, maana mimi risiti situpi, akazijumlisha zikawa dola mia sita na kumi na moja na senti arobaini, akagawanya kwa thelathini na sita.

"Dola kumi na saba hivi kila moja, Shangazi."

Bi Cordelia, blanketi moja linanichukua siku tisa. Kumi na saba! Nikamuuliza, "Na siku zangu tisa?"

"Hazimo."

"Hazimo wapi?"

"Kwenye fomu. Serikali haizijui."

"Basi leo itazijua," nikamwambia.

Delbert akacheka, akasema kama ni hivyo kuna njia, kwamba madukani mablanketi ya namna hiyo yanauzwa mia na thelathini, tuandike bei hiyo, jumla itakuwa elfu nne mia sita na themanini, na kwa kuwa haifiki elfu tano hatutadaiwa mthamini wa kuja kuyapima, ila yeye nimpe theluthi ya pesa zitakazorudi kutoka serikalini. Nami, mwanamke niliyefundisha watoto Jumapili kwa miaka ishirini, nikasema, "Andika." Nilisema hivyo si kwa sababu ya hizo hela, naomba uniamini, paa langu halivuji na deni la nyumba nalilipa kila mwezi, ila ile kumi na saba iliniingia kama tusi, na nilitaka mtu mmoja tu huko ofisini kwao asome aone kwamba Ozella Pruitt hakukaa kivivu mwaka mzima.

Ikabaki barua ya hospitali ya kuthibitisha kwamba wameyapokea. Pale kuna binti anayepokea zawadi, jina lake utaweka lingine, mimi nitamwita Claudine, na ananiheshimu sana kwa sababu mama yake nilimfundisha kushika sindano. Akaniambia kwa upole, "Bi Ozella, sisi huwa hatuandiki bei. Tunaandika idadi na tarehe basi."

Nikamwekea blanketi mkononi. "Hii kazi unaionaje?"

"Ni nzuri kuliko zote tunazoletewa."

"Basi andika mia na thelathini."

Akaniangalia, akaangalia mlango, akaandika, akatia sahihi.

Fomu nikaitia ndani ya bahasha na stempu nikabandika, bahasha ikakaa juu ya friji ikingoja Jumatatu. Sasa Jumamosi kabla ya hapo mwanamke nisiyemjua akagonga mlango, ameshika kwapani kitu kimefungwa kwenye taulo, kumbe ni blanketi langu la mwaka wa tisini, na mtoto aliyefunikwa nalo pale wodini ana miaka minne sasa, hakubali lifuliwe mpaka awe amelala, na pembe moja ameitafuna ikaisha kabisa. Anauliza kama naweza kulitengeneza. Nilimpa maharage na mkate wa mahindi, nikakaa dirishani nikamshonea pembe mpya, na nisikufiche, moyo wangu ulikuwa umejaa, maana mishono yote mingine ilikuwa palepale, miaka minne ya kuburutwa sakafuni na hakuna hata mmoja ulioachia. Alipomaliza kula akafungua mkoba. "Nikulipe ngapi, mama?"

Nikainua kidevu. "Funga mkoba wako. Kazi yangu haina bei."

Alipoondoka niligeuka, nikaiona ile bahasha.

Jumatatu sikuipeleka posta, na leo ni Alhamisi. Nikimwambia Delbert nimeghairi atanicheka mpaka Krismasi, nikirudi kwa Claudine nitaona haya, na nikiandika kumi na saba nitakuwa nimejitukana kwa mkono wangu mwenyewe na kutia sahihi chini. Jina langu liandike, silifichi. Nifanye nini?

Ozella Pruitt
Paducah, Kentucky


Bi Ozella,

Barua yako ilinifikia zikiwa zimebaki siku nane, kwa hiyo sikungoja gazeti. Nilitafuta namba yako nikakupigia, na niliyokuambia kwenye simu nayarudia hapa kwa faida ya wengine, pamoja na yale makali.

Kwanza, pole. Kuambiwa siku zako tisa hazimo kunauma, na anayesema hakuumi hajawahi kutengeneza kitu.

Sasa nikukaripie. Ulimchukua binti anayekuheshimu, ukaitumia heshima hiyo kumfanya asaini jambo ambalo alishakuambia wazi kwamba hawalifanyi. Angepoteza kazi, Bi Ozella. Wewe ungebaki na tepe zako sita. Hilo ndilo baya kuliko yote kwenye barua yako, na umelipitia kwa mistari michache, ila paa na mkopo ukanieleza vizuri.

Pili, umeisoma fomu vibaya. Fomu ya kodi haikuulizi kazi yako ina thamani gani. Inakuuliza umetoa nini mfukoni. Zile saa ulizokaa na sindano hakuna aliyekulipa, na kwa kuwa hukulipwa, hukukatwa kodi juu yake. Sasa unataka urudishiwe nini? Kitambaa ulikinunua kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi, ndiyo maana kitambaa kinahesabiwa. Ile kumi na saba ni bei ya pamba na uzi, basi. Blanketi lenyewe hakuna aliyelipangia bei isipokuwa Delbert, nawe ukakubali.

Uliponijibu, "Kwa hiyo niandike hizo hizo mia sita na kumi na moja nikae kimya?" nilikuuliza ulikwenda hospitalini mara ngapi. Ukasema kumi na tisa, na kwamba tarehe zote umeziandika kwenye kalenda. Nikakuuliza kama Delbert alizihesabu. Ukasema hakuuliza hata safari moja. Maili elfu moja mia moja sabini na nane kwenda na kurudi, kwa senti kumi na mbili ambazo sheria inaruhusu kwa kila maili ya safari ya sadaka, ni dola mia moja arobaini na moja na senti thelathini na sita, halali yako kabisa, na mpwa wako mwenye kikokotoo kikubwa alizipita bila kuziona kwa sababu alikuwa anakimbilia uongo.

Kesho yake ulinipigia mwenyewe. Ulikuwa umekwenda kwa Claudine. Kumbe hakuwa amelala vizuri tangu asaini, na ulipomwomba ile barua aliitoa kwenye droo ya juu kabisa, nakala yake, kama mtu aliyekuwa anakungoja. Mkazichana zote mbili. Akaandika nyingine, mablanketi thelathini na sita na tarehe za kupokelewa, hakuna bei. Ulimwomba radhi umesimama. Kwa hilo nakuvulia kofia, maana kiburi chako nimekisoma kwenye barua yako.

Delbert naye akapiga kelele, "Shangazi, unatupa pesa!" Ukamwambia, "Natupa theluthi yako." Nimelicheka jibu hilo siku mbili.

Ukajaza fomu mwenyewe, kila kato kwenye mstari wake, ukanisomea kwa simu nami nikifuatisha na kalamu. Riba, kodi ya nyumba, fungu la kumi, kitambaa na uzi, maili. Bado ulilizidi lile kato la jumla, tena si kwa kidogo, na hapakuwa na namba hata moja ambayo ungeogopa mtu akuulize. Sauti yako ulipofika kwenye jumla ilikuwa ya mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya washindi. Basi jivune. Hapo ndipo mahali pa kujivunia.

Kwa mwaka huu, weka daftari ndani ya gari uandike kila safari siku hiyohiyo, usitegemee kalenda ya jikoni. Risiti endelea kuzitunza. Barua ya hospitali iombe kila unapopeleka, na bei usimtajie mtu. Yeyote anayetaka sehemu ya kinachorudi, na hataki kusaini kwamba ndiye aliyejaza, mpe chakula kisha umuage. Karatasi zako asiziguse. Na Claudine akija kujifunza kushona, kama ulivyoniambia ameomba, usimtoze.

Kila dola iliyotoka mfukoni mwako iandike, bila haya, mpaka senti ya mwisho. Saa zako ulizitoa, Bi Ozella. Ziache zibaki zimetolewa.

Cordelia Haskins