Bustani ya Shemeji Yako

S.L.P. 614,
Mwembesongo, Morogoro.
14 Juni 1993

Mpendwa kaka Leonard,

Shikamoo. Habari za Kigoma? Mgongo umepoa, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Sisi tu wazima, ila mimi mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Shemeji yako hatulii tangu apunguzwe kazi ya ubwana shamba. Kasikia sasa biashara ni ruksa kwa kila mtu, basi kajaza uwanja mzima mrehani, kivumbasi na mnanaa, ati atawauzia wenye hoteli maua ya kunukia. Kusema kweli yamestawi. Kila alfajiri anakata vichwa vilivyonyauka, na mmea unachanua upya. Nyumba yote inanukia.

Tatizo ni namna anavyofanya kazi. Hujifunga kaniki yangu nyeusi asilowe umande, akazunguka mche hadi mche akiuita kwa jina la Kilatini. Mpita njia aelewe nini? Wagonjwa wakaanza kuja. Jirani yetu Bi Mwanahawa alileta kuku mweupe. Shemeji yako akafoka, "Mimi bwana shamba, si mganga!" Wakasema mganga wa kweli hajitangazi.

Hapo sikucheka, kaka. Jumamosi hiyo wazazi wa mchumba wa Furaha walikuwa wanatoka Gairo kuja kupanga mahari, nao ni watu wa kanisani hasa. Niliogopa sana mwanangu ataachwa kwa ajili ya mrehani.

Wakafika mapema kuliko tulivyowatazamia. Wagonjwa wamejaa mkekani, shemeji yako yuko kwenye maua na kaniki yake. Wageni wakatazamana. Mshenga wao, mzee Jackson, anasifika kwa kubishania mahari mpaka jua lizame. Tukataja mbuzi, akaitikia. Tukataja blanketi la bibi, akaitikia. Hata mkaja wangu hakuupunguza. Na shemeji yako alikuwa na mafua. Kila akikohoa, mzee anaongeza kitu.

Sasa shemeji yako anataka kwenda Gairo kuwaeleza ukweli. Nimemsihi angoje harusi ipite.

Wewe ndiye mjomba, na mahari haipokelewi bila wewe. Njoo mwezi wa nane. Nisalimie wifi Regina na mwanetu Maneno. Mungu akulinde njiani. Na wakikuuliza shemeji yako anatibu nini, wewe kohoa tu.

Mdogo wako akupendaye,
Eufrazia