Ishirini na Tatu Iliyoandikwa 203

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na chumba cha jirani ni darasa la pili la mama mkwe wangu, ambaye ndiye huwapokea watoto wa darasa langu kila mwaka, na mambo yalianza pale nilipotaja "ishirini na tatu" nikakuta nusu ya darasa wameandika 203, nikawawekea alama ya kosa, kesho yake 203 tena, hadi nilipotoka semina nikauacha ule wimbo wetu wa moja mpaka mia, nikawagawia vijiti, wanavifunga kumi kumi kwa mpira, wanabishana, nami siwapi jibu, nawauliza tu "umejuaje?", basi darasa likawa na kelele, mama mkwe akaja kusimama mlangoni akasema mbele ya watoto, "Mwanangu, unafundisha hesabu au unakusanya kuni?", wakacheka wote, na jioni mume wangu akaninong'oneza, "Tafadhali, usinigombanishe na mama." Mkuu wa shule naye amesema Ijumaa atakaa nyuma ya darasa, asiporidhika nahamishiwa darasa la tano, na mimi hawa wadogo ndio kazi yangu. Nimewaza siku hiyo nifiche vijiti kabatini, tuimbe vizuri, akishatoka tuendelee na yetu. Je, nitakuwa nimekosea?

Mwalimu wa Kuni

*

Mwalimu wa Kuni,

Marahaba. Utakuwa umekosea, na kosa lako halikuanzia kwenye kabati.

Tuanze na watoto. Walisikia "ishirini", wakaandika 20. Wakasikia "na tatu", wakaweka 3 ubavuni. Lugha yetu ilisema "na", wao wakatii. Wimbo hauponyi kosa hilo, kwa kuwa anayeimba haandiki. Vijiti vinaliponya: matita mawili, anaandika 2; vijiti vitatu vilivyobaki, anaandika 3. Endelea navyo. Na hilo swali lako la "umejuaje?" waulize hata waliopata, wasije wakadhani ni jina jingine la kosa.

Lakini wimbo ulikukosea nini? Nimeishi ugenini muda mrefu kuliko nilioishi kwetu, nimesoma vitabu kwa lugha za watu, na bado nikipanda ngazi nahesabu kwa mahadhi ya mwalimu wangu wa kwanza. Kinachokaa hivyo hakitupwi. Waimbe asubuhi wakiingia, na kila wakifika kumi mmoja wao afunge tita. Hapo wimbo na vijiti vitakuwa kazi moja.

Sasa wewe. Ulitoka semina na jambo jema, ukamweleza nani? Mama mkwe alichopata ni kelele za ukutani, naye ndiye atakayewabeba watoto hao mwakani. Kukutania mbele ya wanafunzi hakukuwa uungwana, mkubwa au si mkubwa. Ila alifika mpaka mlangoni, mwalimu, na wewe hukumpa kiti!

Mwendee leo, usingoje Alhamisi. Mwombe awatajie watoto wake "mia mbili na sita" waandike, bila kuwaonya. Sitashangaa akikuta 2006 kadhaa. Akizikuta, usicheke, usimsimulie mumeo, wala usimpelekee mkuu. Kaeni wawili, umwonyeshe matita yako, na umuulize yeye mia utaifungaje. Muulize kwa kutaka kujua kweli. Amefundisha miaka mingi kuliko wewe.

Kuhusu kabati, hapana. Ukiwazoeza watoto wa umri huo kuficha kazi yao mgeni akiingia, somo hilo watalishika upesi kuliko namba zote. Vijiti vibaki juu ya meza. Mkuu akiuliza kelele ni za nini, mwambie ataje namba yoyote aipendayo, kisha ampe chaki mtoto yeyote ampendaye. Pengine mmoja atakosea. Muulize amejuaje, mbele ya mkuu, kama siku zote.

Na tita la kwanza la Ijumaa alifunge mama mkwe. Kuni ameshaziona, ajionee na kinachoiva.