Supu Aliyokatazwa Mama

Nyuma ya Soko la Sam Chuk,
Suphan Buri.
20 Agosti, mwaka wa Buddha 2566.

Mpendwa Dada Fai,

Wanaoandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima, hofu ni juu ya aliye mbali. Leo niruhusu niipindue desturi hiyo. Wewe huko kwenye baridi ya Tampere najua una koti zito, una mume mpole, na hospitali iko karibu. Hofu yote imebaki huku kwetu, na nyingi yake iko jikoni.

Hujambo lakini? Mgongo umepoa tangu uache ile kazi ya kusafisha ofisi? Na Aino, bado anakataa wali? Mwambie mama yake mdogo anasema mtoto wa damu ya Suphan asiyekula wali ni aibu ya ukoo mzima.

Kifurushi kilifika salama. Soksi za sufu Mama anazo miguuni, ingawa huku joto linatoa jasho mpaka kwenye kope. Tukimvua ananuna. Ile kahawa shemeji yako Wirot ameificha kwenye karakana yake ya pampu, anadhani mkewe hajui.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu siwezi. Kila ukipiga Mama yuko pembeni yangu, tunaonyeshana sura, tunacheka, nami maneno yananikauka. Kuna jambo nimekuficha wiki tatu sasa, na leo nalitoa.

Nianze na Mama mwenyewe. Leo ni siku ya tisa tangu atoke hospitali. Homa imeisha ila amekonda, mkono wa kulia bado umelala, na chakula hakubali kwa mkono wa mtu yeyote isipokuwa mimi. Wirot akimsogezea kijiko anabana meno kama mlango wa benki. Daktari hakuzunguka, alisema nimonia hii ameipona, ya pili huenda asiipone. Tangu siku ile naishi na roho mkononi.

Unakumbuka alichotuambia muuguzi baada ya kile kiharusi kilichompata sikukuu ya mwaka mpya, Songkran: asipewe kitu chepesi. Maji, chai, supu, vyote vichanganywe na ule unga wa kopo mpaka viwe vizito kama uji wa mtoto, kwa sababu koo lake siku hizi linachelewa kufunga, na kitu chepesi hukimbilia mapafuni. Sote tuliitikia. Lakini Dada, nani kati yetu aliamini moyoni? Huku kwetu mtu akiugua anapewa nini? Akitoka kujifungua, aking'olewa jino, hata akiachwa na mume, anapelekewa supu ya kaeng jued. Ni nyepesi, haiwashi, haijawahi kumdhuru mtu. Mama mwenyewe ameipika miaka arobaini kwa kila mgonjwa wa mtaa huu.

Sasa mtaa unamrudishia. Kila asubuhi nakuta mifuko imetundikwa getini, imefungwa kwa mpira, supu bado ya moto, vipande vya tofu ya soya na kabichi vinaelea humo ndani. Wahenga walisema wema hauozi, nami kila nikifungua geti nauogopa huo wema. Siku moja ilikuwa mifuko sita. Nawashukuru majirani kwa viganja viwili, kisha mimi na Wirot tunaila supu hiyo mchana na jioni. Anasema akiona tofu tena atahamia kwa mama yake.

Basi sikiliza nilichokifanya.

Mwishoni mwa Julai nilikuwa napika ya kwetu wenyewe. Nilikuwa nimemsogeza Mama na kiti chake jikoni, maana anapenda kutazama. Nikatwanga mizizi ya kotmiri, kitunguu saumu na pilipili manga, nikachanganya na nyama ya nguruwe ya kusaga, nikaanza kudondosha madonge madogo kwenye maji ya moto. Moto niliuwasha mkubwa kwa sababu nilikuwa na haraka. Mama, ambaye tangu Songkran hakuwa na neno ila "ee" na jina langu, akasema, "Punguza moto."

Maneno mawili, Dada, safi kabisa. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikapunguza. Akasema tena, "Engua povu." Nikaengua povu huku machozi yananitoka. Supu ikatulia, ikawa angavu kiasi kwamba lile ua lililochorwa chini ya bakuli lilionekana lote, vile anavyotaka yeye. Kisha akafungua mdomo.

Nikampa kijiko kimoja. Nikasubiri akohoe, hakukohoa. Alifumba macho, akaizungusha mdomoni, akaniambia, "Haijakolea."

Kesho yake nikampa vijiko vitatu. Keshokutwa nusu bakuli. Nilifanya hivyo siku tano, na kila siku alikuja na neno jipya: mara bizari, mara mvua, mara jina la marehemu Baba. Nikajiambia koo limepona, supu ndiyo dawa, na ule unga ni mambo ya hospitali tu. Lakini nilikuwa nafunga mlango wa jikoni kabla ya kumlisha. Ningekuwa naamini kweli, ningefunga mlango wa nini?

Siku ya tano mteja wa pampu aliita nje, nikaacha bakuli na kijiko mezani nikatoka. Mama mdogo Prayong akaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, akavichukua akavioshe. Wirot naye akaingia, akamkuta mdogo wake Mama amesimama na bakuli mkononi, na kidevu cha Mama kimelowa. Akamfokea mteja akisikia kule nje, akamwita muuaji. Mimi nilikuwa nimefika mlangoni. Mama mdogo akanitazama, mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Alfajiri Mama alikuwa anawaka homa na anapumua kwa shida. Hospitalini daktari alinieleza kwamba kuna watu wanaopaliwa kimyakimya. Supu inaingia mapafuni na mtu hakohoi, hashtuki, anaendelea kukutazama tu. Kwa hiyo kikohozi nilichokuwa nakisubiri siku zote tano kisingekuja. Kila kijiko nilichodhani kimepita salama, huenda kilikuwa kinamzamisha.

Wewe siku ile ulimpigia Mama mdogo. Najua ulimwambia nini, maana tulikaa benchi moja na sauti yako ilifika mpaka kwa wauguzi. Alikujibu, "Haya, mwanangu," akakata simu. Nikamwacha abebe mzigo wangu hata mbele yako. Hakukanyaga tena nyumbani. Aliendelea kuuza ndizi zake za kukaanga, na akipita kwetu alipita upande wa pili wa barabara.

Juzi nilishindwa kuvumilia nikamfuata. Nilipiga magoti mbele ya karai lake, nikaunganisha viganja, nikalaza kichwa pajani kwake mbele ya wateja wake wote. Akasema, "Inua kichwa, wewe. Mafuta yanaruka, utaunguza hiyo sura, na ndiyo mali pekee uliyonayo."

Nikamweleza yote bila kuficha. Akageuza ndizi moja moja, akampa mteja chenji, ndipo akanijibu kwamba alijua tangu siku ile. Alinusa kotmiri akiwa bado uani, na bakuli lenye ua halishikwi na mtu mwingine zaidi yangu. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Mumeo kanifokea mimi, nimekula ndizi zangu nikalala," akasema. "Angekufokea wewe, usingeshika kijiko tena. Na yule mwanamke hali kwa mkono mwingine. Ulitaka dada yangu afe njaa?"

Nikamwambia kwamba naogopa kila nikishika kijiko chake.

"Ogopa," akasema. "Ila lisha."

Jioni ile nilimweleza Wirot pia. Alivaa viatu akaenda kwa Mama mdogo, akarudi na ndizi nyingi kuliko tunavyoweza kula.

Sasa nalisha, Dada. Napika supu kama zamani, moto mdogo, povu naengua, mpaka inakuwa angavu, halafu namwaga unga na kukoroga mpaka inafifia na kuwa nzito. Mama anaiona inavyoharibiwa, anageuza uso. Nambembeleza kama mtoto. Zamani niliogopa akikohoa, sasa naogopa akinyamaza.

Muuguzi alinifundisha njia ya kumpima. Kila baada ya kijiko nimwambie atamke neno lolote. Sauti ikitoka kavu, chakula kimepita kwenye njia yake. Ikitoka na majimaji, kama ya mtu anayesukutua, niache hapohapo nimkalishe wima. Nikamwambia Mama awe anahesabu tu, moja, mbili, tatu. Hataki. Anameza, namwambia sema neno, Mama, naye anasema, "Fai." Kijiko kingine, "Fai." Hana neno jingine wakati wa kula. Mengine yote yalipotea kwenye ile homa, akarudi na hilo tu.

Leo mchana, karibu na mwisho wa bakuli, jina lako lilitoka na maji. Niliweka kijiko chini, nikamnyanyua wima, nikaegesha sikio langu mgongoni mwake na kusikiliza pumzi kwa saa nzima. Nilichosikia sikukielewa. Mpaka sasa ninapoandika hana homa, ila kila baada ya muda mfupi naenda kumgusa paji la uso.

Msalimie sana shemeji Jukka, na umbusu Aino mashavu yote mawili. Wirot anakusalimu. Mama mdogo naye anakusalimu, hana kinyongo, ingawa amesema ukimletea zawadi isiwe soksi. Mpigie simu wewe mwenyewe umwombe radhi, hilo siwezi kukufanyia.

Ulisema utakuja Songkran ijayo, nauli ikishuka. Dada, usingoje Songkran. Sikuiti uje kunisaidia kupika, wala sikuombi kitu. Kila kijiko Mama anakuita, kisha anatazama mlangoni, na mimi ndiye ninayeitika. Nasema "Nipo, Mama," nami najua si mimi anayemwita. Naogopa atakuita mara ya mwisho wakati mlangoni hakuna mtu.

Fadhila za Buddha zikufunike wewe na nyumba yako, na zikulinde njiani utakapoianza safari.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa, mwenye hofu, na mwenye kukupenda,

Rampha