Chumba cha Wanawake Melini

Mji wa Kale, Mombasa
Jumanne, mwezi wa Rajabu, 1947

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, baada ya alasiri, haijakatika. Dari linavuja upande wa jikoni. Nimetega masufuria, na kwa kuwa sina mwenzangu wa kumlalamikia, nakulalamikia wewe, daftari.

Leo nimegombana na ndugu yangu. Ndugu mwenyewe ni huyo mmoja tu.

Niandike tangu mwanzo, maana habari hii kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na mimi nataka pawe na mahali pamoja ilipoandikwa kama ilivyokuwa.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kaka Athmani akasema tumpeleke Bombay akapasuliwe, tukaenda naye watatu. Alipofunguliwa bandeji alinitazama kitambo, kisha akasema, "Rukia, ndiwe uliyekonda hivi? Na mimi nikikusifu kwa watu!" Madaktari hawakujua kwa nini tunacheka na kulia pamoja. Siku nzima ile alikuwa akirudia, "Mato yangu yaona, mwanangu, mato yangu yaona," na kila aliyepita alimhesabia vifungo vya shati.

Tukarudi kwa meli ya kampuni ile ile iliyotupeleka, ila meli nyingine, kuukuu. Miaka ya vita ilibeba askari, vita vilipokwisha wakaipaka rangi nyeupe na kuirudishia abiria. Rangi ilikuwa bado inanuka. Wanawake wa safari ya bei yetu tuliwekwa chumba kimoja chini, sisi wa Mombasa, wa Unguja na Wahindi, pamoja na watoto wetu. Mimi sina mtoto, lakini kufika usiku wa kwanza nilikuwa nimeshapewa wawili wa watu wa kuwabembeleza. Kaka alilala na wanaume upande wa pili wa ujia.

Siku ya pili ya safari ikalia kengele, ndefu kabisa. Mhudumu wa meli akaja mpaka mlangoni kwetu, akakohoa kwa adabu, akazungumza na Kaka pale ujiani kwa Kihindi kile cha bandarini ambacho hapa mjini sote tunakifahamu. Mlango ulikuwa mwembamba, nikasikia kila neno. Alimuuliza kama wanawake watapanda juu kwa zoezi la kujiokoa. Kaka akamjibu, "Wanawake wetu hawapandi juu wakatazamwa na mabaharia." Yule akasema haina neno, akaenda zake.

Mama akataka kujua kengele ni ya nini. Nikamwambia wanaume wanafunzwa kuvaa majaketi ya kuelea. Akasema, "Na sisi atatufunza nani?" Chumba kizima kikacheka, na mimi nikiwamo.

Juu, daraja la kwanza, walikuwa na mhudumu mwanamke wa kuwaangalia mabibi. Nilimwona kwa macho yangu siku tuliyopanda, amevaa aproni nyeupe. Angeteremka ngazi, akafunga mlango, akatuonyesha jaketi linavaliwaje, kisha akarudi kwenye chai yake ingali moto. Hakutumwa. Na majaketi yenyewe yalikuwa huko juu ndani ya sanduku. Chumbani kwetu halikuwamo hata moja.

Moto ulitoka kwenye mitambo asubuhi moja, tulipokuwa tumekaribia kufika nyumbani. Sitaki kuandika makelele. Nitaandika hili tu: majaketi yalirushwa mlangoni kwetu kama marobota, tukayagombea, na hakuna aliyejua upande wa mbele ni upi. Mama alivaa lake akalifunga mwenyewe, kifuani, chini ya makwapa, fundo la leso, vile alivyojifunga kila siku ya maisha yake. Akanigeukia akanikaza na langu vile vile. Kumbe kamba zile hupitishwa nyuma zikarudi mbele, zikakazwa kiunoni. Hilo nimelijua baadaye. Mama alipoingia majini jaketi lilipanda juu, likamvuka kichwani, likaelea bila yeye.

Langu nalo lilivuka. Mimi baharia aliniwahi kwa nywele, akanivutia kwenye mashua. Niliteremka Kilindini nimefunikwa blanketi, kichwa wazi, na mji mzima unajua.

Kaka aliokoka. Lake alilifunga vizuri.

Watu wa matanga wametawanyika zamani. Tangu nilipoachwa na mume nilikuwa nikiishi hapa na Mama, na sasa niko na masufuria. Bi Shamsa wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiingia bila hodi mpaka jikoni na kufunua chungu changu, siku hizi hupiga hodi. Hunijulia hali akiwa amesimama mlangoni, kisha hukumbuka kwamba ameacha kitu motoni. Simlaumu, ana mabinti wa kuoza. Lakini nina upweke. Neno hilo nimelikata mara moja hapa juu, sasa nimeamua libaki.

Basi leo asubuhi, katika mvua hii, amekuja wakala wa kampuni ya meli. Ni Muislamu wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, anasema Kiswahili kama sisi, na ana adabu zake. Amekuja na sahani ya halua. Halua yenyewe nzuri, Mungu anisamehe, nimeila. Wakakaa yeye na Kaka ukumbini, mimi nyuma ya pazia, kama inavyopasa.

Alhamisi, kesho kutwa, serikali inafungua uchunguzi wa ule moto kule mahakamani. Wakala akaeleza kwamba kampuni imesikitika sana, tena inatuheshimu, na haipendi bibi mwenye msiba asimamishwe mbele ya wanaume wageni. Nitie sahihi karatasi hapa hapa, ndani ya stara yangu, na mahakamani sitaitwa. Akaisoma. Ilisema kwamba abiria wanawake wa chumba cha chini waliarifiwa habari ya zoezi, nao wakakataa kuhudhuria kwa ajili ya mila na dini yao.

Kaka hakuniuliza. Alisema, "Amesikia. Atatia sahihi."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, pazia likiwa baina yetu, "Kaka, sisi hatukukataa."

Kaka akamgeukia mgeni. "Asema amechoka, maskini."

Nikarudia. Mara hii nilikuwa na hakika mgeni naye amesikia mnong'ono.

"Auliza kama uongezwe kahawa," akasema Kaka.

Siku nyingine ningecheka. Leo sikucheka, kwa sababu nimeuona mchezo ule ule. Mwanamume anakuja mlangoni kwa adabu, anakohoa, anamuuliza mwanamume mwenziwe habari yangu, anajibiwa, anasema haina neno, anaenda zake. Heshima wanayonipa sasa ndiyo waliyompa Mama. Hata kufikiri sikufikiri. Nilisikia tu sauti yangu imetoka, kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Bwana, Rukia ni mimi. Sisi hatukukataa. Hatukuulizwa."

Wakala, kwa upole, akasema, "Bibi, mhudumu ameapa. Alishuka, akauliza, akajibiwa."

"Alijibiwa na nani?"

"Rukia, nyamaa," akasema Kaka. Hakupiga ukelele. Laiti angepiga.

"Alijibiwa na nani, bibi?" Sasa aliyeuliza ni wakala.

Ningeweza kusema sijui, na mambo yangepoa. Nikamwambia, "Na ndugu yangu. Alikosa. Lakini ndugu yangu auza vitambaa hapa mtaani Ndia Kuu, bahari haijui. Nyinyi ndio wenye meli. Mwataka kujua kama mimi naweza kujiokoa, mwamuuliza mtu mwengine, na akisema hapana mwafurahi mmepunguziwa kazi. Kama ni stara, mngemtuma mwanamke. Mlikuwa naye juu, akipeleka chai. Na hayo majaketi yalikatazwa na dini gani kuwekwa chumbani mwetu?"

Sikujua kama nina maneno mengi hivyo. Kikombe kiliwekwa kwenye kisahani, taratibu.

Wakala ameikunja karatasi yake. Alipokuwa akisimama alisema kwamba mamake naye husafiri na meli hizi, hukaa chumba hicho hicho, na kwamba hajapata kumuuliza kama anajua kuvaa jaketi. Kisha akarudi kuwa mtu wa kampuni. Amenionya kwamba ikiwa sitatia sahihi nitaitwa, na wakili wa kampuni hatakuwa mpole kama yeye. Ataniuliza habari ya yule baharia, na nywele, na blanketi, mbele za watu, ili nione haya ninyamaze. Amesema ananiambia hivyo kwa wema, na nadhani ni kweli. Ameacha halua yote.

Alipotoka Kaka alibaki ameketi. Nimetoka nyuma ya pazia nikakaa mkabala naye. Amekonda, na sikuwa nimeona, maana tangu msiba tukizungumza tunatazama sakafu.

"Umeniua," akasema.

Kisha akasema kwamba alidhani anatutunza. Pale ujiani aliona fahari, mtu anamuuliza rai yake juu ya watu wake naye anajibu kama anavyojibu mwanamume. Amesema akifumba macho anaona mikono yake mwenyewe ikifunga zile kamba, nyuma, mbele, kiunoni, kama walivyoonyeshwa, na hakupitiwa na wazo la kushuka ngazi akatuonyesha. Alilia. Sijamwona Kaka akilia tangu utotoni, hata siku ile Kilindini.

Najua alikuwa akitutunza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia, nikapumzika.

Kisha akaniomba. "Itaje kampuni, dadangu. Yote uliyomwambia yule bwana, yaseme. Mimi usinitaje. Watu watasema Athmani kamuua mamake."

Nimekaa na ombi hilo mpaka kahawa ikapoa. Nilitamani kulikubali. Nikimpoteza huyu sina wa kuniita kwa jina langu humu duniani isipokuwa majirani, na hao hawafiki tena jikoni. Lakini nikimficha, kampuni itamtoa yenyewe. Yule mhudumu ameshaapa. Watamwonyesha kidole mbele ya kadamnasi, waseme tazameni, mwanamke huyu ni mwongo, wao wenyewe ndio waliokataa. Na hapo majaketi yatarudi sandukuni juu, na meli itapakwa rangi tena, na kina mama wengine watalala chini wakisikiliza kengele.

Na mbali na hayo yote, ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia, "Kaka, nitakutaja. Nitasema na kwamba ulidhani watutunza."

Amesimama, akachukua mwavuli. Nilidhani ataondoka bila neno. Amefika mlangoni akasema, akiwa amenipa mgongo, "Alhamisi nitakupitia. Mwanamke haendi mahakamani peke yake. Nitakufikisha mlangoni, lakini ndani siingii." Nikasikia viatu vyake majini mpaka kona.

Chakula nilichompikia Kaka kipo vile vile. Nimempakulia Bi Shamsa kwenye bakuli, kisha nikaona haya kwenda kugonga, nikalirudisha bakuli mezani.

Naogopa. Sijapata kusema mbele ya wanaume wasionihusu zaidi ya maneno ya leo, na ya leo niliyasema nyuma ya kitambaa. Alhamisi nitasimama na buibui langu, uso wazi wakitaka, na wakiniuliza habari ya baharia nitawaambia Mungu amjalie kheri, maana yeye hakungoja ruhusa ya mtu.

Nitaanza na kampuni. Nitasema chumbani hamkuwa na jaketi, wala hakuja mwanamke wa kutufunza, wala hakuna aliyetuuliza sisi wenyewe. Nitasema fundo la Mama lilivyokuwa. Halafu wataniuliza ni nani aliyejibu kwa niaba yetu, nami nitawaambia ni ndugu yangu, yuko nje mlangoni, na ndiye mtu pekee niliyebaki naye.

Sijui kama nikitoka nitamkuta bado amesimama pale.