Kisu Alichonunua Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda ngazi limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, ila dawa zake bado anazikimbia kila asubuhi na inabidi nimbembeleze kama mtoto. Mwanao ameng'oka jino la mbele, siku hizi anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Ameniagiza nikuambie kwamba anajua kufunga kamba za viatu mwenyewe, na kwamba hakuna aliyemfundisha, jambo ambalo si kweli.

Najua utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Dada, wewe simu unapokea ukiwa na watu, na haya niliyonayo sitaki yaingie sikio la mtu mwingine hata kwa bahati mbaya. Ndiyo maana nimemkabidhi mwenzako wa kazini anayerudi huko, naye amenihakikishia atakupa mkononi. Isome ukiwa umekaa, mlango umefungwa.

Mambo yenyewe yalianzia jikoni kwangu. Nilikuwa nakata mguu wa ng'ombe kwa ajili ya supu ya Mama, na kile kisu changu chembamba kikakatika katikati ya mfupa. Kipande kikaruka kikapita karibu na shavu langu, kikaangukia nyuma ya jiko. Baba watoto alicheka kwanza, kisha alipoona uso wangu akainama kukitafuta kile kipande. Akasema kesho yake niende nikanunue kisu cha mifupa cha maana, kile kipana kama cha mwenye bucha, lakini nisije na kitu cha bei ya kututia wazimu.

Basi kesho yake mchana nikafunga cherehani yangu mapema nikaenda duka la vyombo, lile la pembeni mwa soko, la yule mama wa miwani anayeongea kuliko anavyouza. Akanitolea visu akavipanga juu ya meza. Kimoja kilikuwa chembamba, kinang'aa kama kioo, lakini alipokigonga kwa ukucha kililia kama kifuniko cha sufuria. Kingine kilikuwa na mpini wa plastiki, akaniambia ule ukilowa mafuta utanitoka mkononi. Cha mwisho kilikuwa cheusi, kizito, hakina sura ya kuvutia, lakini chuma chake kilipita ndani ya mpini wa mbao mpaka mwisho, kimepigiliwa misumari. Bei yake ilikuwa karibu sawa na ya kile kinachong'aa, kwa sababu, alisema, watu hununua kwa macho. Akaniambia kisu cha mifupa usikichague kwa makali, makali utayatafuta kwenye kinoo. Chagua uzito, maana uzito ndio unaofanya kazi. Kilikuwa kimebaki kimoja tu cha namna hiyo.

Ndipo shemeji akaingia.

Dada, saa ile mumeo alipaswa kuwa ghalani akipakia magunia ya unga. Alikuwa na unga kwenye nyusi na mabegani, hata hakujipangusa. Hakuniona, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale. Alimwomba yule mama kisu kikubwa, kizito. Yule mama akamuuliza ni cha nyama gani, ya mbuzi au ya ng'ombe, maana visu havilingani. Shemeji akajibu, "Nyama yoyote."

Unamjua mumeo kuliko mimi. Ni mtu ambaye yai akilikaanga linageuka mkaa, ambaye tangu uondoke anamleta mtoto kwangu na vitunguu vyake kwenye mfuko ili nimkatie. Kisu cha mifupa cha nini?

Nikamsalimia. Alishtuka, akaitikia bila kunitazama. Nikajifanya sioni kitu, nikamwambia nimefurahi kumkuta, mimi pia natafuta kisu na mwanamke hajui chuma, anisaidie kuchagua. Nia yangu ilikuwa muda upite, hasira ipoe, kama ni hasira. Nikakisifia kile chembamba kinachong'aa, nikasema kwa mtu anayekaa na mtoto kinatosha kabisa. Lakini mwenye duka, kwa wema wake wote, akaniharibia. Akakipinda kile chembamba mbele yetu kuonyesha kilivyo dhaifu, kisha akakizungushia kile cheusi gazeti, akamwekea shemeji mkononi na kumwambia hiki, baba, kinapita kwenye mfupa bila kurudia.

Nikasema hicho ni changu, nimekiwahi mimi. Nikashika bapa lililozungushiwa gazeti. Yeye alikuwa ameshika mpini. Tukabaki hivyo, dada, watu wazima wawili tumeng'ang'ania kisu kimoja, na mwenye duka anatutazama juu ya miwani. Shemeji akaniambia polepole niachie. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ingekuwa ya ugomvi ningeng'ang'ania. Niliachia.

Akalipa, akakiingiza ndani ya koti, akatoka. Nikamfuata. Kufika njia panda, badala ya kushika njia ya nyumbani, akashika ile inayoteremka kwenye maghala. Nikaanza kutembea pembeni yake, kanga inaniteleza, watu wanatupisha. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kazini," akasema.

"Na kisu?"

"Na kisu."

Nilimtajia mtoto. Akaongeza mwendo. Nilimtajia Mama, anavyompenda kuliko hata sisi aliotuzaa. Hakugeuka. Mwisho nikamshika koti kwa mikono miwili pale kwenye ukuta wa karakana ya mabati, nikamwambia kama anapita basi aniburute, sitaachia tena. Kelele za nyundo zilikuwa nyingi hapo, ikabidi aniinamie sikioni, na hivyo ndivyo alivyonieleza.

Yule msimamizi wao, wanayemwita Kidole kwa sababu hawezi kusema na mtu bila kumnyooshea, ana ndugu anayefanya kazi huko uliko. Asubuhi ile shemeji alikuwa amechelewa kwa sababu ya kumpeleka mtoto shule. Kidole akamnyooshea kidole mbele ya wapakizi wote, akasema awahi kazini, aache kujitia mama wa nyumba, mwenye mke ameshapatikana huko ng'ambo na yeye amebaki yaya. Wenzake walicheka. Shemeji alisema si kicheko kilichomuuma. Kilichomuuma ni kwamba mmoja wao, rafiki yake wa siku nyingi, hakucheka; alitazama chini, kama mtu anayejua.

Kisha akaniuliza. Aliniambia wewe na mimi tumenyonya titi moja, hakuna siri tuliyowahi kufichana. Niseme neno moja tu. Nikisema ni uongo, atageuza njia. Na mkono wake wa kulia, dada, ulikuwa ndani ya koti muda wote.

Nikamwambia ni uongo. Akaniambia niape. Nikaapa kwa uhai wa Mama.

Alinitazama usoni kwa muda mrefu mpaka nikadhani ameusoma uongo wangu. Halafu mabega yakamshuka. Akatoa kisu ndani ya gazeti lake akanipa, na hapo hapo barabarani akaanza kulia, mtu mzima na unga wake usoni, machozi yanachora mistari. Nilimpeleka kwangu kwa njia ya uani ili majirani wasimwone. Baba watoto akamchotea maji ya kunawa. Kidole yuko hai, anaendelea kunyooshea watu, na hajui alikuwa karibu na nini. Shemeji amehamia ghala lingine. Kisu ninacho mimi. Ninakatia mifupa ya supu ya Mama.

Sasa nisikilize vizuri. Sikumwambia mumeo ukweli, na wewe unajua sikumwambia ukweli. Ulipokuja likizo, ulinieleza mwenyewe tukianika nguo uani. Ulinieleza kuhusu yule dereva, kwamba mnaishi pamoja, kwamba hujui kama utarudi tena kuishi huku. Ulisema utalimaliza mwenyewe kwa wakati wako. Nilikaa kimya kwa sababu ni wewe, na kwa sababu nilifikiri kimya hakiui mtu. Sasa nimeapa kwa roho ya mzazi wetu kufunika jambo lako, na kila Mama akikohoa ninakaa kitandani macho wazi.

Sikulaumu kwa moyo wako, mimi si hakimu. Lakini Kidole ana ndugu, na huyo ndugu ana mdomo. Shemeji akija kulisikia mara ya pili, mimi nitakuwa mtu wa kwanza aliyemdanganya, na sitakuwa na neno lililobaki la kumshika nalo koti. Lazima alisikie kwako. Wala usimpigie akiwa peke yake. Niambie siku, nitamwita kwangu, mjomba atakuwepo na baba watoto atakuwepo, mtoto nitampeleka kwa jirani. Akiniuliza tena kabla ya hapo, sitaapa. Nitanyamaza, na yeye ataelewa.

Ukitaka kujua hali yake, nitakuambia, ingawa ningependa nisikuambie. Ana furaha. Sijawahi kumwona hivi tangu uondoke. Anaimba akimleta mtoto, anamtania Mama, anajifunza kupika kwa kusimama nyuma ya bega langu na kuuliza maswali ya kijinga. Jumapili alitoa vitu vyote chumbani kwenu, akakwangua kuta, kwa sababu ya likizo yako ijayo.

Mama anakusalimu na kukuombea. Baba watoto anakusalimu. Mwanao anakubusu kwa pengo lake. Shemeji naye anakusalimu mno, na amenituma nikuulize chumba akipake krimu au bluu hafifu. Anasubiri jibu ndipo anunue rangi. Tafadhali, dada, mjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi cherehani wako