Shanga Amegeuka Mkali

Chumbageni, Tanga
14 Juni 2025

Mpendwa dada Mwanasiti,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mola. Hofu ni kwako uliye Maskati, kama jua la huko halijakukausha ukawa ng'onda. Mguu umepona? Mama kauliza mara mbili, akaniamuru niandike mara mbili: mguu umepona?

Najua simu ipo. Mama kasema simu unaisikiliza huku unapepeta mchele wa watu, ila barua utakaa kitako. Khadija wa Raskazone anasafiri wiki hii, ataibeba.

Idd ilikuwa nzuri. Tulikuwekea sahani. Watu wakala wakaondoka, sahani ikabaki na kawa lake mpaka alasiri, na hakuna aliyethubutu kuifunua, hata mimi unayenijua kwa tumbo.

Sasa, dada, jikaze. Mwezi uliopita, kabla ya Idd, Shanga, chatu wako, aliniuma. Mimi! Niliyevuka mpaka wa Horohoro bila kuulizwa jina, niliyewafundisha Wazungu kula pweza! Nilifunua kasha lake mbele ya wageni nimbadilishie maji, akaruka kama mshale, akaning'ang'ania kifundo cha mkono. Sumu hana, lakini meno anayo. Nikapiga ukelele, wa kuwatahadharisha wageni tu.

Kila nikifunua, anarusha kichwa. Jirani yetu Mama Tausi akaniropokea kutoka ng'ambo ya ukuta: "Shehe, huyo ana lake jambo! Muueni kabla hajatumaliza!"

Mama akamjibu, "Mwenyewe hayupo, sisi walinzi tu." Lakini mwishowe naye akalegea. Wakakubaliana kwamba asipotulia kabla ya Idd, waitwe watu wa wanyamapori wamchukue. Nikamkuta Mama anapangusa kasha kwa ncha ya kanga. Akasema, "Akienda huyu, Mwanasiti atarudi kuangalia nini?"

"Si mimi nipo?" nikamwambia. Akaendelea kupangusa.

Basi nikatumia akili yangu, ile iliyomtisha mwalimu hata akanitoa darasa la sita. Macho ya Shanga hayana ukungu, kwa hiyo hajivui gamba. Mikono nimenawa kwa sabuni, hainuki kuku. Kumbe! Wewe ulikuwa ukimtoa, unamlishia kwenye pipa. Mimi, kwa uvivu, yaani kwa shughuli nyingi, nilikuwa namtupia kuku humo humo kashani. Sasa mfuniko ukifunguka, yeye anajua ni chakula, na mkono wangu wenyewe mnene.

Tena nikakumbuka kwamba ulikuwa unambishia hodi. Nikasimama, nikapaza sauti: "Hodi, Shanga!" Akarusha kichwa. Mama Tausi akacheka mpaka akakaa chini: "Ngoja basi akwambie karibu!"

Ndipo vikanijia vidole vyako. Hukuwa ukisema tu. Ulikuwa ukigonga ubao, ta-ta, ta, halafu unangoja. Maneno hayamfikii nyoka, mtikisiko ndio unaomfikia. Nikarudisha chakula pipani, na siku zisizo za chakula nikawa nagonga, namgusa kwa fimbo taratibu, ndipo natia mkono. Kabla ya Idd akanipanda begani, mzito kama gunia la nazi, mpole kama zamani. Haondoki, dada. Mama Tausi mwenyewe kaja kumtazama, ingawa kwa mbali.

Lakini nikueleze la jana. Nilikuwa nagonga kasha kama ugongavyo wewe. Mama yuko jikoni, anakuna nazi. Akaitika kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uondoke: "Karibu mwanangu, mlango u wazi!" Akatoka mbio, mikono imejaa machicha. Akaniona mimi na nyoka.

"Ah. Ni wewe."

Akarudi, akaketi kwenye mbuzi, na nazi hakuikuna tena.

Nyoka nimemweza, dada, na mjini natambia. Mama simwezi. Njoo ugonge mwenyewe.

Mama anakusalimu, na Baba mdogo Idarusi, na Tausi, ambaye sasa kakushinda urefu. Mola akufungulie njia, akulete na mguu wako mzima.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata kwa majigambo,

Shehe