Tata, Wamenunua Ofisi Yako

Kwako Tata Nyambura, popote ulipo,

Wamekununua, Tata. Sijui niseme aje ndio isikike vizuri. Shiro, msichana wako, aliona hawezi kuendesha ofisi ya bima ya Ruiru akiwa mbali kwa bwana yake, akauzia kampuni moja kubwa ya hapa Thika. Hii kampuni yenyewe haiuziangi mtu bima. Kazi yake ni kununua wale wanauza, agency hapa, agency pale, zote zinakaa chini ya mwavuli mmoja. Na unajua nani alipewa kazi ya kuandika kwa vitabu ni nini hasa wamenunua? Ni mimi, mtoto wa dada yako, yule ulikuwa unasema hata kanisani anakaa kwa kiti kama kina moto.

Ulituacha kabla sijapata hii kazi, so ngoja nikueleze. Chuo sikuenda, unajua vile mambo ilikuwa nyumbani. Uhasibu nilijifunza na video za bure kwa simu na mitihani ya zamani nilikuwa natoa photocopy. Hapa niliingia kupanga mafaili. Nikawa nauliza maswali mpaka Bwana Mutua, mkubwa wa akaunti, akachoka akanipa kompyuta niyajibu mwenyewe. Siku ile agency yako ilikuja mezani nilimwambia kabla sijagusa kitu: huyu ni tata yangu, dada ya mama. Akasema sawa, basi wewe unajua meza zimezeeka aje.

Hii kazi ungeipenda, Tata. Kampuni ikinunua ingine haiwezi kuandika tu "tumenunua ofisi ya Ruiru" halafu iende lunch. Lazima ile bei igawanywe. Meza na printa, hiyo ni rahisi. Halafu unakuja kwa wateja: hawa watu watakuwa wakirudi kulipia bima kwa miaka mingapi? Hiyo miaka ndio tunaita maisha ya wateja, na inapewa thamani. Jina la biashara nalo linapewa thamani yake. Ile sasa inabaki, ile umeshindwa utaiweka wapi, inaitwa goodwill.

Nilifika hapo kwa goodwill nikacheka pekee yangu, Brayo wa meza ya pili akaniangalia vibaya. Nilikumbuka ukichukua kile chumba cha Gitothua, hapo Ruiru, kutoka kwa yule mzee wa viatu. Aliitisha goodwill juu ya rent, na mimi, bado niko primary, nikakuuliza hiyo ni nini. Ukaniambia, "Ni pesa ya kununua kitu haionekani. Ukishalipa unaomba Mungu isitoke na mwenyewe." Na haikutoka. Watu waliendelea kuingia wakiuliza viatu, wewe unawakalisha, unawauliza walikuja na nini, na kama ni pikipiki wanatoka wakiwa na bima yake na bado hawana viatu.

Sasa, shida. Ndio tujue maisha ya wateja, Brayo aliambiwa awapigie simu. Brayo ni kijana mpole sana, ana sauti ya mtu wa redio. Anapiga, anasalimia, anataja majina ya mteja yote matatu, anasoma jina la agency vile liko kwa cheti, anauliza kama mtu ataendelea na sisi. Tata, wewe unawajua watu wako. Mtu humjui anakupigia, anajua majina yako yote, anakuuliza mambo ya pesa zako? Huyo ni mkora anapiga kutoka jela. Mmoja alimwambia, "Kijana, mimi sina bima, sina gari, na hata hii simu si yangu." Mwingine akamwombea. Alianza na Baba yetu, akaenda mpaka Amina, akakata simu. Brayo akaandika kwa kila mmoja: haijui hiyo agency.

Bwana Mutua akasoma, akaona karibu watu wote hawaijui hiyo agency. Si mtu mbaya. Alisema tu kile mtu yeyote angesema akiwa na hiyo karatasi mbele yake, kwamba wateja wa aina hii maisha yao ni mafupi, na kama ni mafupi hakuna haja ya kuweka ofisi Gitothua. Mafaili yaje Thika. Mercy aende nyumbani.

Mercy, Tata. Yule ulimwajiri apike chai na kufikia mwisho alikuwa anafanya kila kitu isipokuwa kusaini. Bado anafungua huo mlango kila asubuhi. Bado ana wale watoto wawili, na bwana bado ni yule yule wa kurudi akitaka.

Nilienda kwa Bwana Mutua mbio, unanijua, nikaanza kuongea kabla sijafika kwa meza. Nikamwambia hizo simu ni bure, hao watu walikuwa wanajificha. Alitoa miwani akaipanguza na tai. "Hapo ni akaunti inaongea," akaniuliza, "ama ni damu?"

Nikaomba niende mwenyewe nikawaone. Akanipa mpaka Ijumaa.

Nilianza Mwihoko kwa Baba Njoro, yule wa zile plot za nyumba za kukodisha. Nilimpata kwa ngazi akibishana na fundi wa maji. Hata sijamaliza kusalimia akasema, "Wewe si ni kale katoto ka Nyambura kalikuwa kanamaliza sukari ya wateja?" Nikamwambia ndio mimi. Nikamuuliza kama alipigiwa simu. Akasema alipigiwa na mkora fulani na akamwambia yeye ni mlinzi tu, mwenye plot alienda ushago, huko kijijini.

Wacha nikuambie ukweli, nilikuwa nangoja akutaje. Nilikuwa nimejipanga, kalamu iko tayari, akusifu niandike. Na akakutaja, alisema ulikuwa mtu wa kicheko na hakuna mtu angekupunguza bei. Lakini hapo hakukaa. Akaanza kuniambia vile nyumba ya juu ilichomeka, gesi, mama wa hapo akakimbia na watoto na nguo ya kulala. Mercy alifika wazima moto bado wanakunja mpira. Alikuwa amebeba mkate na maziwa. Akakaa na huyo mama kwa ngazi, hakuuliza kitu. Kesho yake akarudi, akaambia Baba Njoro asipake rangi wala kufagia mpaka mtu wa kampuni ya bima aje apige picha, na huyo mtu alipokuja Mercy alikuwa amesimama hapo. Kila wakati alikuja, Mercy yuko.

"Hiyo kampuni ya bima sijui inaitwa aje," Baba Njoro akaniambia. "Mimi niko kwa Mercy."

Mkate na maziwa. Nilitoka hapo nikitembea polepole, na mimi sitembeangi polepole. Nilikuwa nikikuona ukinishika mkono tukienda kwa yule mzee wa lori, siku ile lori lilipoanguka na kijana wake ndani. Mimi ndio nilibeba mkate. Nilikuuliza mbona umeacha ile bahasha ya fomu kwa ofisi. Ukasema, "Siku ya kwanza hatuongei karatasi. Siku ya kwanza tunakaa." Na tulikaa, mpaka miguu yangu ikalala. Nilidhani ni tabia yako tu, kama vile ulikuwa unavaa kofia ya kanisa mpaka sokoni. Sikujua Mercy yuko kwa kona ya ofisi, na birika mkononi, anaangalia vile inafanywa.

Gitothua ilikuwa hivyo hivyo. Mama Ciku wa hardware alikuwa amemwambia Brayo amekosea namba. Akanipimia misumari ya mteja huku ananiambia Mercy akitolewa hapo, yeye na chama yake yote ya akina mama watabeba makaratasi kwa kiondo wamfuate huko ataenda. Nikamuuliza, kwani agency inaitwa aje? Akaangalia mabati juu kama jina limeandikwa huko. Akasema si ni kwa Mercy. Halafu akaniona uso, akaongeza haraka, kwa upole, kwamba zamani ilikuwa kwa Nyambura.

Zamani, Tata. Neno dogo tu, na mimi nikajifanya natafuta simu kwa mfuko.

Alhamisi nilikaa na hiyo kazi siku nzima. Ile sehemu ya wateja ilienda vizuri. Nilikwama kwa jina. Nilikuwa nikiangalia picha ya signboard, Nyambura na Wasichana Insurance Agency, na nikakumbuka yule mchoraji akikuuliza si uko na msichana mmoja tu. Ukamwambia ni wawili, na huyo anakunywa soda hapo ni nani? Shiro alinuna mpaka jioni. Mimi nilimaliza soda nikaenda nje kusimama chini ya ngazi ya mchoraji, niangalie akichora.

Lakini jina halipewi thamani kwa sababu mtu alifurahi. Linapewa thamani kama kuna mtu anakuja kwa sababu yake, na kama mnunuzi ataendelea nalo. Hao watu wako hawakuja kwa jina, hata hawalijui. Na kampuni itaweka lake. Ningeandika kitu kidogo hapo, Tata, ningeweza, na pengine hakuna mtu angeuliza. Niliandika sifuri.

Ijumaa Bwana Mutua alipitisha kidole chini kwa karatasi mpaka kikasimama hapo. Akaniuliza kama ni mimi niliandika. Nikasema ni mimi. Akarudi juu akaanza kusoma tena kutoka mwanzo, sasa kwa makini, vile mtu anasoma kitu ameanza kuamini. Nikamwambia mambo ya Mwihoko na Gitothua, na nikamwambia wateja hawa watakaa miaka mingi, lakini ni kama Mercy yuko. Akanikumbusha kitu najua, kwamba mfanyakazi haandikwi kama mali. Mtu si wa kampuni, anaweza kuamka kesho aache kazi, so Mercy hawezi kupata mstari wake. Anakaa ndani ya goodwill na zile zingine zote hazionekani.

"Sitaki aandikwe," nikamwambia. "Nataka abaki."

Hakusema ndio. Alimwita Brayo akamwambia apige simu zote tena, lakini aende Gitothua akapige na simu ya Mercy, na Mercy ndiye asalimie kwanza. Brayo alirudi amechoka, sikio limepata moto. Anasema watu walikataa kukata simu. Wanamuuliza ameoa, wanamuuliza kwao ni wapi. Wote watarudi, isipokuwa wachache tu ambao wameuza gari.

So ofisi inabaki. Mercy amepewa barua ya kazi, na sasa anasaini. Alinipigia akalia kidogo halafu akaniuliza kama nimekula.

Lakini hiyo goodwill haiwekwi hapo ikasahauliwa. Kila mwaka lazima ipimwe kama bado iko hai ama imepungua, na ikipungua unaandika imepungua, hakuna huruma. Hiyo kazi nimepewa mimi. Nimefikiria hiyo sana. Kila mwaka nitakuwa nikikaa chini kupima kama kile uliacha bado kinapumua, na siku kitaisha itabidi niseme. Sijui kama nitaweza. Nadhani nitaweza.

Jumatatu walikuja kubadilisha signboard. Niliomba ruhusa nikashuka Ruiru. Mafundi waliitoa vizuri, nikawaambia wanisaidie kuifunga na gunia nipeleke kwa mama. Ile mpya ni ya bluu, inang'aa, iko na jina la kampuni tu. Bado walikuwa wanaibana misumari Baba Njoro akafika na karatasi zake za plot. Alipita katikati ya mafundi, akainama asigongwe na ngazi, akasukuma mlango akiita, "Mercy, uko?" Hakuangalia juu hata mara moja.

Hiyo ndio nilikuwa nimepigania wiki nzima, na nilifurahi, naapa. Lakini pia nilitaka aangalie, Tata. Hata kidogo tu.

Lala salama. Mama anakusalimia, na goti lake bado linamsumbua.

Ni mimi, mtoto wa dada yako